Kiuno kimebadilika, hipsi zilezile: kisa cha pateni ya suruali ya dada yangu

Dada yangu ni bibi shamba huko Muheza. Asubuhi yuko kwenye mashamba ya michungwa, mchana anapandisha na pikipiki njia ya Amani kuonana na wakulima wa iliki na pilipili manga, jioni anarudi na matope magotini. Gauni halifai kwa kazi hiyo. Amevaa suruali miaka yote, na kwa kuwa za dukani hazikuwahi kumkaa vizuri, alijifunza kukata na kushona zake mwenyewe. Pateni yake, yaani ule mchoro wa vipande unaofuatwa wakati wa kukata kitambaa, aliichora mwaka 2012 kwenye karatasi ya kaki, mimi nikiwa nimeshika futi kamba. Ilikuwa pateni nzuri kweli. Alishonea suruali nyingi, na hata mimi, fundi wa kushona, niliwahi kuiazima nikawakatia wateja wenye umbo kama lake la wakati ule: kiuno chembamba, makalio yaliyojaa, mapaja yenye nguvu.

Sasa ana miaka 51. Alikuja kwangu Tanga na suruali tatu, akazitandaza juu ya meza ya kukatia.

"Mdogo wangu, pateni ileile, mkono uleule, na zote zinanikataa." Kisha akashusha sauti. "Nimeharibika mwili."

Maneno hayo yaliniuma. Nayasikia kila mara kutoka kwa wanawake wa umri wake wanaosimama mbele ya kioo changu, na mara nyingi kosa ninalolikuta liko kwenye karatasi. Naandika kisa hiki hatua kwa hatua, pamoja na hatua niliyokosea mimi, kwa sababu jibu la kwanza tulilompa ndilo linalotolewa kwenye vyumba vingi vya mafundi: mwili umeongezeka, achia pembeni. Dada alinipigia simu miezi kadhaa kabla, na hilo ndilo nililomwambia bila kumwona.

Suruali tatu

Ya kwanza ilikatwa kwa pateni ya 2012 bila kuguswa. Hipsi ziliingia vizuri, lakini kifungo na tundu lake viliachana kwa kiganja kizima. Kiuno cha nguo kilikuwa inchi 33, chake kimefika 37.

Ya pili ilifuata ushauri wangu wa simu. Aliongeza inchi moja pembeni kwa kila kipande, kuanzia kiunoni mpaka chini kabisa. Vipande viko vinne, kwa hiyo nguo nzima iliongezeka inchi nne. Kiuno kikawa 37, kikafunga kwa kuvuta pumzi. Hipsi nazo zikapanda kutoka 44 mpaka 48, ilhali hipsi zake mwenyewe ni 42. Inchi sita za kitambaa zikawa zinaning'inia bila kazi. Mdomo wa mguu, uliokuwa 16, ukawa 18, na mguu huo ukawa unapepea kwenye pikipiki mpaka akaanza kuubana kwa klipu za nguo.

Ya tatu ndiyo iliyonihuzunisha zaidi, kwa sababu ilionyesha jinsi alivyohangaika. Alikuwa ameongeza pembeni kama ya pili, kisha akashusha kiuno cha mbele kwa inchi nzima ili mkanda upite chini ya tumbo. Kwa macho inaonekana ni busara. Lakini, kama utakavyoona, mbele ndiko kulikokuwa na upungufu, na yeye akapunguza tena.

Nilimwomba avae ya pili na asimame anavyosimama siku zote, bila kulivuta tumbo ndani wala kujikaza. Hili ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mteja akisimama kwa adabu mbele ya fundi, fundi anapima adabu yake.

Mikunjo kwenye nguo inasomeka. Mkunjo uliokazika kama kamba iliyovutwa unaonyesha mahali kitambaa kimepungua. Mkunjo uliolegea kama pazia unaonyesha kilipozidi. Mbele niliona mistari iliyokazika ikianzia msambani na kupanda kwa mshazari kuelekea pande mbili za tumbo. Mkanda wa mbele ulikuwa umevutwa chini vidole viwili kuliko wa nyuma. Mshono wa pembeni, ambao ungepaswa kushuka wima kutoka kiunoni, ulikuwa umepinda kwenda mbele kwenye usawa wa tumbo kama upinde, kisha ukarudi chini ya hipsi. Nikamgeuza. Nyuma, chini ya makalio, kulikuwa na mikunjo miwili mikubwa iliyolegea, ikishuka kuelekea ndani ya mapaja, na juu yake kitambaa kimekaa kama mfuko mtupu.

Nguo moja, mwili mmoja: mbele kumepungua, nyuma kumezidi. Ukiachia pembeni, unaongeza kote kwa usawa. Mbele panapata kidogo kuliko panavyohitaji, na nyuma panapewa kile ambacho tayari kimezidi.

Kupima mbele peke yake na nyuma peke yake

Tulisubiri mpaka jioni. Tumbo la jioni si la asubuhi, hasa kwa mtu aliyekula na kushinda kwenye pikipiki, na suruali inabidi iwe yake saa zote mbili. Akavaa taiti. Nikamfunga lastiki nyembamba kiunoni, nikamwambia ainame, ainuke, atembee kidogo chumbani. Lastiki ikajitafutia mahali pake, na mahali hapo ndipo nilipopaita kiuno. Palikuwa juu kuliko alipokuwa anafunga mkanda siku hizi.

Halafu nikachukua uzi na kufunga nati ndogo ya baiskeli mwishoni, kama timazi ya fundi mwashi. Nikauning'iniza kutoka kwenye lastiki ubavuni, nikausogeza mpaka ukashuka katikati ya goti na katikati ya kifundo cha mguu unapotazama kwa upande. Nikapiga alama za chaki kwenye taiti kufuata uzi huo, kulia na kushoto. Hizo chaki ndizo mpaka wa mbele na nyuma. Kuanzia hapo kila kipimo cha mzunguko nilikichukua mara mbili: chaki hadi chaki kwa mbele, chaki hadi chaki kwa nyuma.

Kipimo cha U, kile kinachoanzia kiunoni mbele, kikapita msambani na kupanda nyuma hadi kiunoni, nacho nilikigawa. Nilipitisha pete nzito kwenye futi kamba, nikamwachia dada mwenyewe aipitishe. Pete iliposimama msambani, uzito wake ulionyesha mahali mbele inapokutana na nyuma. Njia hii ina staha pia. Fundi hagusi chochote, anasoma namba mbili tu.

Hizi hapa. Kiuno 37: mbele 20, nyuma 17. Hipsi 42: mbele 21, nyuma 21. U inchi 28 na robo: mbele 13 na robo, nyuma 15.

Mwaka 2012 hatukupima kwa kugawa, lakini pateni ilikuwa shahidi. Karatasi ya mbele ilikuwa 10 na robo kwenye usawa wa hipsi, ya nyuma 11 na robo tatu. Ukitoa nusu inchi ya nafasi ya kupumua kwenye kila kipande na kuzidisha kwa mbili, unapata mwili wa wakati ule: mbele 19 na nusu, nyuma 22 na nusu. Jumla 42. Nikapima mkunjo wa msamba kwenye karatasi kwa kuisimamisha futi kamba kwa ubavu: mbele 12, nyuma 16. Jumla 28.

Tulizitazama namba hizo kwa muda. Hipsi 42 wakati ule, 42 leo. U 28 wakati ule, 28 na robo leo. Daftari la fundi yeyote lingesema mwanamke huyu amebadilika kiuno tu. Kumbe inchi moja na nusu ya hipsi imetoka nyuma ikaja mbele, na U ya mbele imerefuka kwa inchi moja na robo wakati ya nyuma imefupika kwa inchi nzima. Namba ya jumla ilikuwa inaficha safari yote hiyo.

Dada aliuliza kwa nini. Nilimweleza ninachokijua. Hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni hushuka, na mafuta ambayo mwili ulikuwa unayaweka kwenye nyonga na mapaja huanza kuwekwa zaidi tumboni. Pamoja na hayo, misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, na misuli ya makalio ni mikubwa, kwa hiyo ikipungua inaonekana. Paja lake lilikuwa 25, sasa ni 23 na nusu. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi sijaharibika, nimehamishwa vitu." Nikamwambia ndiyo, dada, na karatasi haijapewa taarifa.

Mbinu yetu ya kukata pia ina sehemu yake. Mafundi wengi tunachukua hipsi, tunagawa kwa nne, mbele tunatoa kidogo na nyuma tunaongeza kidogo. Kanuni hiyo inaamini tayari kwamba kila mwanamke ana nyuma kubwa kuliko mbele. Kwa msichana wa miaka 25 inakubali mara nyingi. Kwa dada ilikuwa inamrudishia mwili wa 2012 kila alipokata.

Jaribio la kwanza, ambalo halikufaulu

Nilianza na shuka kuukuu. Niliinakili pateni kwenye karatasi mpya, kwa sababu pateni ya zamani haiguswi kwa mkasi. Siku mambo yakikuharibikia unataka pa kurudi. Nikasogeza mshono wa pembeni: karatasi ya mbele nikaiongezea robo tatu inchi kwenye hipsi, ikawa 11, na ya nyuma nikaipunguza robo tatu, ikawa 11. Mabadiliko hayo yakaisha taratibu yalipofika gotini. Kiunoni nikaongeza robo tatu hiyohiyo mbele, na nyuma sikupunguza kitu, kwa sababu ubavu wake wa sasa hauna tena ule mteremko mkubwa kutoka kiunoni kwenda hipsi. Dati za mbele, ile mikunjo midogo ya kushona inayobana kiuno, nikaziondoa. Tumbo lililojaa haliihitaji dati. Dati hubana kiuno ili kutengeneza nafasi ya uvimbe ulio chini yake, na hapa uvimbe ulianzia kiunoni penyewe.

Nikapiga bandi, mishono mirefu ya muda, akavaa. Kiuno kilikaribia kufunga na mshono wa pembeni ulishuka wima kama timazi. Nilifurahi kwa sekunde tano hivi. Mistari ya msambani ilikuwa palepale. Mikunjo ya chini ya makalio ilikuwa palepale.

Ilinichukua usiku mzima kukubali kwa nini, na ukifikiri ni jambo rahisi. Ukitoa robo tatu nyuma na kuiweka mbele kwenye mshono uleule, kitambaa hakijaenda popote. Umehamisha mstari tu. Nguo ni bomba, na bomba lina upana uleule iwe mshono uko hapa au pale. Kusogeza mshono kuliinyoosha sura ya pembeni, jambo zuri, lakini maumivu ya suruali hii hayakuwa kwenye upana. Yalikuwa kwenye urefu wa U. Mbele kitambaa kilikuwa kifupi cha kupanda juu ya tumbo, kwa hiyo kilivuta mkanda chini na kuuvuta msamba juu. Nyuma kilikuwa kirefu kuliko makalio yaliyokuwepo, kwa hiyo ziada ilishuka na kujikunja juu ya mapaja.

Kabari mbili

Kwa jaribio la pili niliacha shuka, kwa sababu shuka lililofuliwa miaka mingi limechoka, linanyooka na kukudanganya. Nilinunua amerikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi. Naipenda kwa kazi hii na napenda pia jina lake. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiileta Unguja kwa merikebu, na kutoka hapo ikasambaa bara pamoja na misafara. Nchi ilikotoka ikawa ndiyo jina la kitambaa. Amerikani haina mvuto wala mng'ao. Inakaa kama ulivyoikata, na kosa lake linaonekana.

Kazi ya karatasi ilikuwa hivi. Kwenye kipande cha mbele nilichora mstari mlalo kutoka mshono wa zipu hadi pembeni, kwenye usawa ambao tumbo lake limejaa zaidi. Nikakata mstari huo kuanzia upande wa zipu, nikaacha nyuzi chache tu za karatasi upande wa pembeni zishike kama bawaba. Nikaifungua karatasi mpaka pengo la upande wa zipu likawa inchi moja. Pengo hilo lina umbo la kabari: inchi moja mbele, sifuri pembeni. Nikabandika karatasi chini yake. Faida ya bawaba ni kwamba mshono wa pembeni haukurefuka hata kidogo, kwa hiyo utaendelea kukutana na wa nyuma, lakini U ya mbele imepanda kutoka 12 hadi 13. Robo iliyobaki niliiongeza juu kabisa kiunoni, kwenye mstari wa zipu, ikaisha kabla ya kufika pembeni.

Ukifungua kabari namna hiyo, mstari wa zipu unalala kuelekea pembeni huko juu. Wangu ulilala kama nusu inchi. Fundi asiyeliona hili atashangaa kwa nini kiuno kimebaki kidogo. Niliunyoosha mstari kwa rula kutoka kwenye usawa wa hipsi kwenda juu, na nusu inchi hiyo ikawa faida ya kiuno. Hesabu ya kiuno cha mbele ikatimia: karatasi ya zamani ilitoa 8 na nusu, ongeza nusu inchi ya dati iliyoondoka, nusu inchi ya mstari wa zipu, robo tatu ya pembeni, unapata 10 na robo. Mara mbili ni 20 na nusu, kwa tumbo la 20.

Nyuma nilifanya kinyume. Mstari mlalo kwenye usawa wa makalio, nikakata kutoka mshono wa nyuma hadi karibu na pembeni, na badala ya kufungua nikafunga: karatasi ya juu ikalalia ya chini kwa robo tatu inchi kwenye mshono wa nyuma, sifuri pembeni. Kisha ile ncha ya msamba, inayochomoza kwenda katikati ya mapaja, nikaikata nusu inchi. Ncha hiyo ndiyo inayozunguka chini ya makalio, na makalio yakipungua unene ncha inabaki ndefu bila kazi. Kuikata kulilipunguza paja pia kwa nusu inchi, jambo ambalo paja la 23 na nusu lilikuwa linalihitaji. Mshono wa ndani ya mguu nikaupima upya dhidi ya wa mbele ili zisipishane. U ya nyuma ikawa 14 na robo tatu.

Mstari wa uzi wa kitambaa, ule unaoonyesha pateni ilazwe vipi kufuata nyuzi za kitambaa, niliuchora upya kwa kufuata sehemu ya chini ya mguu, goti hadi mdomo, ambayo hatukuigusa. Ukifuata mstari wa zamani wa sehemu ya juu baada ya kabari, mguu utageuka ukivaliwa.

Akavaa. Dada alijitazama ubavu, akajigeuza, akajitazama tena. Mbele palikuwa pametulia. Mkanda ulikaa usawa mmoja mzunguko mzima. Nyuma palikuwa pasafi kabisa, hakuna mkunjo hata mmoja. Kama ningemwachia aondoke wakati huo, ningejisifu mwaka mzima.

Pikipiki

Pikipiki yake ilikuwa nje, imeegemea ukuta wa jirani. Nilimwomba aende akaipande na suruali hiyo ya amerikani, bandi zikiwa bado nyeupe juu yake. Alijifunga khanga, akatoka, akaipanda, akainama kushika usukani. Bandi ya nyuma ikakatika. Tuliisikia wote wawili.

U ya mtu aliyesimama na U ya mtu aliyepanda pikipiki ni vitu tofauti. Ukikaa na kuinama, mgongo unarefuka na nyuma inadai kitambaa. Nilikuwa nimeikata nyuma fupi kuliko hata kipimo cha kusimama kwa robo inchi, kwa sababu nilikuwa naifukuza mikunjo na nikasahau kazi ya nguo. Mwanamke wa ofisini anayekaa kwenye kiti na kusimama angeivumilia. Bibi shamba hawezi.

Ilibidi nichague, na hapa ndipo pana uamuzi ambao fundi mwingine anaweza kuupinga. Nilirudisha sehemu ya kabari ya nyuma: badala ya robo tatu, robo moja. Ncha ya msamba niliiacha imekatwa, kwa sababu hiyo inashughulikia unene wa paja na haileti shida wakati wa kukaa. U ya nyuma ikawa 15 na robo. Alipovaa tena na kusimama, mkunjo mmoja mwembamba ulirudi chini ya kalio. Alipopanda pikipiki, bandi ilishika na mkanda ulibaki mgongoni ulipokuwa. Nikamwonyesha mkunjo kwenye kioo. Akasema, "Huo mkunjo ni wangu, uache." Sioni aibu nao. Suruali isiyo na mkunjo wowote kwa mtu aliyesimama mara nyingi ni suruali ambayo haijakaliwa bado.

Alipokuwa bado juu ya pikipiki nilimpima kiuno. Kilikuwa 39. Inchi mbili zaidi ya alipokuwa amesimama. Hapa niligundua sababu nyingine ya mkanda kumkata tumbo miaka hii: kiuno cha zamani, kilichokuwa hakina tumbo la kukunja, hakikubadilika sana alipokaa. Cha sasa kinabadilika.

Kwa hiyo mkanda ulihitaji akili yake. Nyuma karatasi ya zamani ilitoa kiuno cha 8 na dati ya inchi moja. Nilikuwa nimeipunguza dati hiyo mpaka nusu na kuongeza robo kwenye mshono wa nyuma, ikawa 8 na robo tatu. Sasa nikaiondoa dati yote, ikawa 9 na robo. Ukijumlisha na mbele, nguo nzima ni 39, sawasawa na kiuno chake akiwa amekaa. Halafu nikaweka lastiki ndani ya mkanda wa nyuma tu, kutoka mshono wa pembeni hadi mshono wa pembeni, ivute mpaka 37 akisimama. Mbele mkanda ukabaki bapa, umewekwa kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi. Wengi huweka lastiki mzunguko mzima, na ninaelewa kwa nini, ni rahisi. Lakini lastiki ya mbele hukunja kitambaa juu ya tumbo na kulifanya lionekane kubwa kuliko lilivyo, na dada alikuwa amekuja kwangu kwa sababu ya namna alivyojiona kwenye kioo.

Mshono wa nyuma niliuachia inchi moja ya akiba ndani, na mkanda nikaukata vipande viwili vinavyokutana hapo nyuma, kama mafundi wa suruali za kiume wanavyofanya. Kiuno kikiongezeka au kupungua, anafumua mshono mmoja pamoja na mkanda wake, anaachia au anabana, anamaliza kwa dakika chache. Za kike kwa kawaida hukatwa mkanda mzima usio na kiungo nyuma, kana kwamba miili ya wanaume ndiyo inayobadilika na yetu imesimama.

Zilizobaki

Suruali halisi tuliikata kwenye kadeti ya rangi ya udongo, siku ya pili yake, na alishona mwenyewe kwenye cherehani yangu. Mimi nilishika pasi tu.

Zile tatu za mwanzo hatukuzitupa zote. Ya kwanza, iliyokatwa kwa pateni ya 2012, haikuwa na akiba ya kutosha popote. Alimpa mpwa wetu wa kike anayesoma chuo Morogoro, na inamkaa kama aliikatiwa. Ya pili ilikuwa na kitambaa kingi nyuma na pembeni. Niliifumua, nikavipunguza vipande vya nyuma kwa pateni mpya, na vipande vya mbele, ambavyo vilikuwa vifupi, niliviongezea urefu kwa mkanda mpana wa mbele uliokatwa kwa umbo: inchi mbili na robo katikati, ukishuka hadi inchi moja pembeni. Inavalika. Msamba wake wa mbele bado unavuta kidogo, kwa sababu urefu ulioongezwa juu ya mkanda haufiki mahali kabari ingefika, lakini kwa shamba inatosha.

Ya tatu, ile iliyoshushwa mbele, haikuwa na pa kushika. Kitambaa kilichokatwa hakirudi. Miguu yake, ile mipana ya inchi 18, ilitoa mifuko ya suruali mpya, lupu za mkanda, na kipande kimoja kikubwa alichokibeba kwenda nacho Muheza kufungia miche.

Kwenye pateni mpya, pembeni mwa kabari ya mbele, aliandika kwa penseli mwezi na mwaka, na chini yake namba sita: mbele na nyuma za kiuno, hipsi na U. Ile ya 2012 ameikunja ndani yake. Alipokuja tena baada ya miezi saba tulipima. Kiuno cha mbele kilikuwa 20 na nusu, nyuma 17 ileile. Alifumua mshono wa nyuma akaachia nusu inchi, akafuta 20 akaandika namba mpya juu yake.